Taa ya Ngazini

Taa ndogo ya kijani juu ya kabati la vyombo iliwaka, na Bi Nawal, kama alivyozoea, akauvuta mtandio kutoka begani akajifunika kichwa. Masikio yake yalikuwa yamekufa, moja baada ya jingine, baada ya homa kali ya miaka iliyopita. Alichobaki nacho ni ile taa, na taa ilikuwa inamwambia kwamba kuna mtu anapanda ngazi.

Zeina, binti yake, aliyekuwa mezani akichambua mchele, hakuhitaji kuambiwa na taa. Alizijua hatua hizo. Alizisubiri kila jioni kwa muda mrefu, akajifunza hata kuzitofautisha na za wapangaji wa gorofa ya juu, na leo ndiyo mara ya kwanza alimwomba Mungu zigeuke zirudi chini.

"Hodi," sauti ya Eliasi ikasema mlangoni. Mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya upepo, lakini yeye alisimama nje ya kizingiti kama mgeni asiyeijua nyumba ile.

"Karibu," akajibu Mzee Saif, baba yake Zeina, bila kuinuka kwenye kiti chake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kifungue ukichukue, mambo yaishe."

Kilichotakiwa kufunguliwa ni kijidude kisichozidi kiganja cha mtoto, kilichobanwa ukutani ngazini, chini kidogo ya mlango wao. Kilikuwa na kijicho cheupe cha plastiki mbele. Mtu akipita, kijicho kinamhisi, na kule ndani taa ya kijani inawaka. Ukikitazama hivi hivi hakina maana yoyote. Lakini kulikuwa na watu watatu katika nyumba ile ambao moyo ulikuwa unawadunda kwa sababu yake.

Tuwaonee huruma kwanza, halafu niwaeleze ilikuwaje.

Mzee Saif alikuwa na duka la vifaa vya umeme hapo hapo chini ya nyumba, Kariakoo, mahali ambapo mikokoteni na wapita njia hugombea njia tangu asubuhi. Siku moja, katika mzigo wake wa balbu na swichi, yalikuja maboksi ambayo hakuyajua. Yalikuwa seti za kujifunzia: bodi ndogo, kibao chenye matundu, nyaya za rangi rangi, na sensa, yaani vihisio, za kila aina, za mwanga, za unyevu, za moshi, za mwendo. Ukizipanga vizuri unaweza kuifanya nyumba yako ijiwashie taa yenyewe au ikupigie kelele tangi la maji likijaa. Mzee aliyaweka rafu ya juu akayasahau. Zeina, ambaye ndiye aliyekuwa anakaa kaunta, hakuyasahau.

Mtu wa kwanza kununua seti moja alikuwa Eliasi, kijana wa Ndanda, fundi wa kusuka mota kwenye karakana za Gerezani, anayeishi chumba cha kupanga Buguruni. Kesho yake akarudi nayo. Hakuja kulalamika. Alikuja kuuliza kama dada anajua Kichina, maana maelekezo yote yalikuwa ya Kichina. Dada hakujua. Wakafungua boksi jingine pale pale kaunta, wakaweka simu katikati wakitazama video, wote wawili hawajui lolote, kila mmoja akimwonea aibu mwenzake kwa kukosea. Walipofanikiwa kuwasha taa kwa kuifunika sensa kwa mkono, Eliasi alimtazama Zeina usoni, na Zeina akajifanya anatafuta waya chini ya kaunta. Waya ulikuwa mkononi mwake.

Wakati huo nyumbani kwa Zeina kulikuwa na huzuni yake. Jioni moja mshirika wa baba yake katika biashara alipanda ngazi, akapiga hodi kama desturi, akapiga tena, na tena. Bi Nawal hakusikia. Mgeni, kwa kuona mlango uko wazi, akaingia, akamkuta mwanamke wa heshima zake amekaa kichwa wazi anachana nywele. Mgeni alirudi nyuma akiomba radhi. Bi Nawal alitamani sakafu ipasuke. Tangu siku ile hakukaa tena sebuleni kwake. Alijifungia chumbani kutwa nzima, na chakula akakilia huko huko. Nyumba ikawa na mama asiyeonekana.

Zeina alimsimulia Eliasi jambo hilo huku akilia. Eliasi hakumwambia pole. Alichukua ile sensa ya mwendo akaigeuzageuza, kisha akauliza, ngazi zenu zina taa?

Walikifunga kile kijidude pamoja, Mzee Saif mwenyewe akishika kiti wasianguke. Waliipima kazi yao mchana wa Januari, jua la Dar likiwa limeivamia ngazi mpaka kuta zinachoma: Zeina akipanda na kushuka, Eliasi akiwa ndani akipaza sauti, "Imewaka," "Haijawaka." Wakajua kijicho kinaona wapi na hakioni wapi. Kinaona ngazi zote za juu. Hakioni kona ya chini, kwenye mita za umeme. Baada ya hapo wakakigundisha, na Bi Nawal akarudi sebuleni. Taa ikiwaka anajifunika, anamngoja mgeni atokee mlangoni, anampokea kwa tabasamu. Mzee Saif alimwita Eliasi mwanangu.

Na ile kona ya mita, ambako kijicho hakioni, ikawa yao. Mapenzi mengine huota ufukweni. Haya yaliota kwenye saruji iliyolika, pembeni ya mita za LUKU zinazolia pii pii umeme ukikaribia kuisha. Hawakufanya la kuwaaibisha wazazi. Walisimama. Waliongea kwa kunong'ona. Siku nyingine hawakuongea kabisa, Eliasi alimshika tu ncha ya ushungi kwa vidole vyake vyenye alama za waya wa shaba, na Zeina alihisi kama ameshikwa moyo wenyewe.

Kisha Eliasi akataka kufanya mambo kiume. Akamtuma mjomba wake, Mzee Leodegar, kupeleka posa. Mzee Saif alimpokea kwa kahawa na halua, akamsikiliza mpaka mwisho, akamwita Eliasi mwenyewe, akamuuliza swali moja tu: je, yuko tayari kuingia katika dini yao? Eliasi angeweza kusema ndiyo, wapo wanaosema ndiyo wakamaliza shida. Akasema hawezi. Mama yake, Severa, alimlea peke yake kwa imani ile ile anayoishi nayo, na yeye mwenyewe anaiamini. Hawezi kumdanganya Mungu ili apate mke. Mzee Saif alimshukuru kwa kutomdanganya. Halafu akamkatalia.

Zeina alisikia yote akiwa nyuma ya pazia. Alimkasirikia baba, akamkasirikia Eliasi, kisha akakosa wa kumkasirikia, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Sasa Eliasi alikuwa mlangoni na bisibisi mkononi. Mzee Saif alikuwa ameamua kwamba kitu cha mtu aliyemkatalia hakiwezi kuendelea kubaki ukutani kwake. Si kwa chuki, alisema. Alisema kila akikiona anakosa raha.

Eliasi aligeuka aende kukifungua. Ndipo Bi Nawal, ambaye muda wote alikuwa anawatazama midomo, akasimama.

"Kiache," alisema. Sauti yake ilitoka juu kuliko alivyokusudia, kama kawaida ya mtu asiyejisikia. "Saif, mtoto umemnyima, sawa, wewe ni baba. Lakini hiki ndicho kinachonisikilizia. Ukikitoa, mimi narudi chumbani, na safari hii sitoki."

Mzee Saif alimtazama mkewe. Akavaa kofia yake, akasema anaenda dukani mara moja kisha msikitini, na alipofika mlangoni akamwekea Eliasi mkono begani, akaubakiza hapo kidogo, akashuka. Zeina alielewa kwamba baba yake alikuwa anawapa nafasi ya kuagana, na kwamba hatawapa nyingine.

Taa iliwaka baba alipopita, ikazimika baada ya dakika chache kama walivyoipanga.

"Nimepata kazi Mtwara," Eliasi alisema chini chini. Zeina alimsogelea mlangoni, akimpa mama mgongo na kumzibia midomo ya Eliasi. "Kiwanda cha kubangua korosho, mota zao zote. Mizigo yangu iko stendi. Nikitoka hapa naondoka."

"Leo?"

"Leo. Nikikaa Dar nitakuwa nashinda kwenye duka la baba yako nanunua balbu nisizozihitaji."

Zeina akacheka.

"Zeina, nakuuliza mara ya mwisho. Twende bomani. Wanafungisha ndoa watu wa dini mbili, wewe na yako, mimi na yangu. Sitakuvua kitu chochote."

"Baba hatanisamehe."

"Najua. Na mama yangu hajanisamehe hata kwa kukuposa tu. Sikufichi, hatutakuwa na mtu wa kutuchezea ngoma." Akashusha pumzi. "Sitaki unijibu hapa, mama anatuona. Nitasimama pale petu. Nikiondoka kwenye kona nikasogea mbele ya sensa, taa itawaka. Itawaka mara mbili, ukiacha hii ya kushuka kwangu. Ikizimika ya pili, ujue nimeshaenda. Na laini yangu nitaitoa, Zeina. Nisije nikawa mtu wa kukupigia kila siku nikikuuliza jambo ulilokwishanijibu."

Alimtazama. Yale macho Zeina aliyajua yakiwa na usingizi, yakiwa na mzaha, yakiwa yamekazana kwenye nyaya nyembamba. Hakuwahi kuyaona yakiomba. Kisha Eliasi akampungia mama mkono kwa heshima, akashuka, taa ikawaka alipopita, na baadaye ikazimika.

Zeina alirudi mezani, akauvuta ungo wa mchele, asijue anachambua nini. Angeweza kushuka. Ngazi zilikuwa pale. Na huku nyuma angebaki nani wa kumwambia mama kwamba simu inaita, kwamba maziwa yanachemka yanamwagika, kwamba muuza samaki ameita barabarani? Angebaki nani wa kukaa mbele yake aongee taratibu ili aisome midomo? Baba alikuwa anaongea akitembea, mama hakuambulia neno.

Taa ikawaka. Bi Nawal akajifunika mtandio, akatazama mlangoni. Zeina hakuinua kichwa. Alihesabu punje za mchele asizoziona, mpaka ule mwanga wa kijani ukutani ukaondoka.

"Zeina," mama akamwita. "Njoo ukae hapa."

Akaenda, akakaa kwenye mkeka mbele ya mama, uso kwa uso, maana kuongea na mama hakuwezekani kwa namna nyingine. Kabati na taa yake vikawa nyuma yake.

"Mwezi wa kwanza sikujua," mama alisema. "Mlikifunga, kikawaka watu wakipita, nikafurahi. Hali ya hewa ilipopoa, mwezi wa sita na huu wa saba, kikaanza vituko. Kinawaka jioni. Najifunika, nangoja mgeni. Mgeni haji. Kinazima. Kinawaka tena. Nikasema labda ni paka. Halafu nikaangalia ndani, wewe haupo."

Damu ilimpanda Zeina usoni. Alielewa kosa lao papo hapo, na lilikuwa kosa la watu wawili waliojifunza kwa video. Kile kijicho huhisi joto la mwili. Wao walikipima mchana wa Januari, hewa yenyewe ikiwa na joto la mwili wa mtu, ndiyo maana hakikuwaona kwenye kona. Kipupwe kilipoingia na ngazi ikapoa, kikawaona vizuri kabisa. Kila walipogeuza shingo, kila Eliasi alipoinua mkono kumshika ushungi, taa iliwaka mbele ya macho ya mama.

"Mama, wallahi hatukufanya..."

"Najua hamkufanya. Mtu anayefanya mabaya hasimami mahali pamoja muda wote huo." Bi Nawal akamshika kidevu asiinamishe uso. "Nilikuwa nakaa hapa naitazama. Nikawa nasema, sasa anamwambia kitu. Sasa wamenyamaza. Mimi sisikii hata adhana, Zeina, lakini nyinyi nilikuwa nawasikia. Nilikuwa naingoja hiyo taa kuliko wewe."

Zeina akalia. Alilia bila kujizuia, kwa vile hapakuwa na mtu wa kumsikia. Mama akamfuta kwa ncha ya mtandio, akaendelea kuongea, polepole, akasimulia jinsi alivyotaka kumwambia Saif mapema ili jambo lisifike mbali, akashindwa, kwa sababu angemwambia, taa ingeacha kuwaka. Hilo ndilo kosa lake, alisema, na anaomba radhi kwa hilo. Aliyasema yote hayo akimwangalia bintiye, na macho yake mara moja moja yakipanda juu ya bega la Zeina, kwenye kabati, kisha yakirudi.

"Sikwambii ufuate nini," mama akasema mwisho. "Ukikaa, nitakushukuru. Ukienda, baba yako nitamvumilia mimi. Lakini usikae kwa sababu ya masikio yangu, na usimwache mtoto wa mwenzio ngazini bila jibu. Nenda. Yupo bado. Iliwaka sasa hivi tu, imezima kwa kuwa ametulia."

Zeina akageuka. Taa ya kijani ilikuwa imezimika.

"Imewaka tena?" aliuliza, na kwa haraka yake akasahau kumtazama mama. Akageuka, akauliza upya, akiumba kila neno. "Mama. Imewaka tena, mimi nikiwa nimekaa hapa?"

"Ndiyo. Nenda, anakungoja."

Alitoka mbio bila viatu. Ngazi zilikuwa za baridi miguuni. Aliporuka ya kwanza na ya pili, lile jambo alilolibeba kwa wiki nzima likiwa fundo likafunguka lenyewe, akajua anachokwenda kusema. Alikuwa anakwenda kusema ndiyo. Twende bomani, Eliasi, na tuje tupige magoti kwa hawa wazee mpaka watuchoke.

Kwenye kona ya mita hapakuwa na mtu.

Akashuka mpaka mlango wa barabara. Kariakoo ilikuwa imefurika kama ilivyo jioni zote, wachuuzi wamepanga viatu mpaka katikati ya njia, wapagazi wanaomba kupita, migongo ya mashati meupe kama lake haina idadi. Akatazama upande wa Gerezani, akatazama upande wa sokoni. Akaipiga ile namba. Dada wa mtandao, kwa sauti yake isiyojua msiba wa mtu, akamjulisha kwamba mteja hapatikani kwa sasa. Akapiga tena kwa kutokuamini masikio yake. Angeweza kumkimbilia, lakini stendi gani, basi lipi, hakumuuliza. Na mtu aliyesubiri taa izimike mara mbili alikuwa ameshaondoka na jibu, hata kama si hilo.

Akapanda taratibu mpaka kwenye kona yao. Hapo akauegemea ukuta. Mita moja ililia pii pii. Akainua mkono kujifuta machozi.

Ndipo alipokumbuka. Ngazi ilikuwa imepoa. Kijicho cheupe kilikuwa kinamtazama yeye, na kule juu taa ilikuwa imewaka. Mama alikuwa amekaa mkekani, macho kabatini, anaitazama. Anasema moyoni, sasa anamwambia kitu.

Zeina alitulia, akaacha kupumua kwa nguvu. Akasikilizia. Kama angebaki vile vile, taa ingezimika, mama angedhani wameagana kwa neno moja kavu. Kama angepanda sasa hivi, mama angejua kwamba alimshikilia kidevu mtoto wake na kumsimulia habari ndefu, wakati kijana anaondoka. Angelijua hilo maisha yake yote, na angerudi chumbani.

Basi akainua mkono, akaupunga polepole mbele ya kijicho. Akaushusha. Akangoja. Akaupunga tena. Akasogea hatua moja kama mtu anayemsogelea mwenzake, akarudi nyuma kama mtu aliyeambiwa jambo zito. Alisimama pale akiagana na ukuta, kwa muda ambao watu wawili wanaopendana wangehitaji, na machozi yakimdondoka kifuani. Alimwambia Eliasi yote, kwa sauti ya chini, hata ile ndiyo. Mpangaji mmoja alipita akamtupia "Mambo, Zeina?" na Zeina akajibu, "Poa."

Alipotosheka, au alipochoka, maana vilikuwa kitu kimoja, akajipangusa uso kwa ushungi akapanda.

Bi Nawal alikuwa amejifunika mtandio vizuri, amekaa wima, uso umeelekea mlangoni. Alitazama nyuma ya Zeina kidogo, kama anayetegemea mgeni.

"Mmeagana?"

"Tumeagana, mama."

"Vizuri?"

"Vizuri." Zeina akakaa mbele yake ili amwone midomo. "Anaenda Mtwara kufanya kazi. Ameniambia nibaki nikuangalie. Amekupa shikamoo."

"Marahaba," Bi Nawal akaitikia, kwa ile sauti yake ya juu, akitazama mlango ulio wazi. "Marahaba, mwanangu."

Zeina aliupumzisha mkono wake juu ya goti la mama. Baadaye kidogo mwanga wa kijani ukaondoka ukutani, na Bi Nawal akaushusha mtandio wake mabegani.

"Sasa ndiyo ameondoka," alisema.

"Ndiyo, mama."

Zeina akainuka, akarudi mezani kuumalizia ule mchele.